Mboga za GMO: maswali mnayoniuliza kila siku, najibu kutoka Ndanda

Nalima bustani hapa Ndanda, mkoani Mtwara, huku bondeni maji ya mlimani yanaposhukia, nyanya, biringanya, bamia na mchicha wa kuuza asubuhi. Toka vijana wa kikundi chetu waone video ya biringanya za Bangladesh kwenye simu sipumui, mara nasimamishwa stendi, mara natumiwa voisi usiku, mama hizi GMO zinakuja lini, mama zinaua, mama tutatajirika. Nimeyakusanya hapa yote nijibu mara moja. Mimi ni mkulima, sio mtaalamu wa maabara, ila hili jambo nimelifuatilia kwa miaka na linanigusa kwa sababu ni mbegu, na mbegu ndo maisha yangu.

Kwanza GMO yenyewe ni nini?

Ni mmea uliobadilishwa vinasaba maabara, yaani wataalamu wanachukua jeni kutoka kwa kiumbe kingine (au wanaigusa ya mmea wenyewe) wanaiweka ndani, mmea unapata tabia ambayo usingeipata kwa kupandikiza chavua kawaida. Hiyo tabia ikishaingia inarithiwa, ipo kwenye jani, kwenye tunda na kwenye mbegu. Sio dawa ya kupaka na sio mbolea, maana kuna mtu aliniuliza inauzwa kwa lita.

Nyanya zetu za F1 si ndo GMO hizohizo?

HAPANA. Na hili naomba mlisambaze kuliko yote maana ndo linavuruga mazungumzo kila mahali. F1 ni haibridi, ni baba na mama wa nyanya mbili tofauti wamezalishwa kwa mkono, mtu anachukua chavua ya huyu anampaka yule, basi, hakuna jeni iliyotoka nje ya ukoo wa nyanya. Mkulima anaona nyanya ya F1 imezaa sana, ngumu, inafika sokoni haijapondeka, anasema hii sio ya Mungu. Ni ya Mungu kabisa, imechaguliwa tu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ukikamua mbegu za F1 ukapanda msimu unaofuata, watoto wanatoka kila mmoja na sura yake, huyu mrefu, huyu anazaa vidogo, huyu haendi. Mtu anasema ona, mbegu imefungwa! Haijafungwa, ni ukoo umeachana tu, kama familia yenye babu wa aina nne. Ukitaka mbegu ya kukamua mwenyewe tafuta zile za kawaida kama Tanya au Tengeru 97, hizo zilitokana na kazi ya watafiti wa mboga kule Arusha na mtoto anafanana na mzazi.

Na tikiti lisilo na mbegu? Papai fupi? Nyanya inayokaa wiki mbili haiozi?

Tikiti lisilo na mbegu linapatikana kwa kuzalisha tikiti la kawaida na lenye vinasaba maradufu, mtoto anatoka tasa, sio GMO. Papai fupi zinazouzwa huku ni haibridi. Nyanya inayokaa sana ni ngozi nene, na nyingine zina tabia ya asili ya kuchelewa kuiva iliyogunduliwa kwenye nyanya zenyewe zamani. Sokoni Mtwara hujawahi kununua nyanya ya GMO kwenye fungu, iwe imetoka bondeni kwetu au imeshuka na Fuso kutoka Iringa.

Sasa kuna mboga gani za GMO zinalimwa kibiashara duniani?

Chache kuliko watu wanavyodhani. Mazao ya GMO yaliyotawala ni mahindi, soya, pamba na kanola, hayo ndo mamilioni ya hekta. Upande wa mboga na matunda orodha ni fupi. Ya kwanza kabisa ilikuwa nyanya, Marekani, mwaka 1994, iliitwa Flavr Savr, kampuni ya Calgene ya California iliizima jeni inayolainisha tunda. Ilipata kibali, ikauzwa, lakini gharama zikawashinda, kufika 1997 haipo tena. Uingereza nako waliuza nyanya ya kopo iliyotokana na GMO kuanzia 1996, imeandikwa kabisa kwenye lebo na bei yake chini kuliko nyingine, watu walinunua vizuri tu mpaka 1999 hofu ilipopanda maduka yakaiondoa. Nalipenda hili tukio kwa sababu linaonyesha mteja akiambiwa ukweli anaamua mwenyewe, na akianza kuhisi anafichwa hata kitu alichokuwa anakila jana anakitema.

Leo kuna maboga ya mumunye yanayostahimili virusi na mahindi matamu Marekani, kuna papai la Hawaii lililotoka 1998 baada ya virusi kufyeka mashamba (ilikuwa kazi ya mtafiti Dennis Gonsalves na wenzake, papai lile kweli liliwaokoa wakulima wale), kuna nyanya ya zambarau ambayo mbegu zake zilianza kuuzwa kwa watu wa bustani za nyumbani Marekani mwaka 2024. Japani wana nyanya iliyohaririwa jeni yake yenyewe bila kuingiza ya kigeni, toka 2021. Na kuna biringanya ya Bangladesh, ambayo ndo ya kutuhusu.

Hebu tueleze hiyo biringanya.

Huko Asia kuna kiwavi anayetoboa vikonyo na matunda ya biringanya, akishaingia ndani dawa haimfikii, kwahiyo wakulima wanapiga dawa kila baada ya siku mbili tatu msimu mzima, wengine mpaka siku ya kuvuna. Wakachukua jeni ya bakteria wa udongoni anayeitwa Bt, huyo bakteria anatengeneza protini inayomuua kiwavi, wakaiweka kwenye biringanya. Kiwavi anauma, anakufa.

Teknolojia ilitoka India, kampuni ya Mahyco. Kamati ya India iliipitisha Oktoba 2009, watu wakaja juu, waziri wa mazingira wa wakati ule Jairam Ramesh akazunguka miji saba kusikiliza wakulima, wanasayansi, wenye maduka, kila mtu, halafu Februari 2010 akaisimamisha. Bangladesh wakaamua tofauti. Waliruhusu aina nne Oktoba 2013 na mwanzoni mwa 2014 wakulima 20 wakapewa miche. Baadae wakawa maelfu. Utafiti uliofanywa kwa kuwagawa wakulima kwa bahati nasibu, wengine Bt wengine ya kawaida, ulionyesha wa Bt walipiga dawa kidogo na walivuna zaidi.

Lakini angalieni kitu kimoja ambacho kwenye ile video hakisemwi. Zile aina zilizotolewa Bangladesh ni za taasisi ya utafiti ya serikali, na sio haibridi, mkulima anaweza kukamua mbegu akapanda tena, akampa jirani. Hapo ndo mimi moyo wangu ulipotulia kidogo.

Zinaleta saratani? Zinamaliza nguvu za kiume?

Hili la nguvu za kiume naulizwa na wanaume wazima kwa kunong'ona. Jibu ni kwamba hakuna utafiti uliothibitisha hivyo. La saratani lina historia, mwaka 2012 mtafiti wa Ufaransa Séralini alitoa picha za panya wenye mavimbe makubwa waliolishwa mahindi ya GMO, picha zile bado zinazunguka kwenye magrupu yetu mpaka leo. Shida yake ni kwamba panya wa aina ile wanaota mavimbe wenyewe wakizeeka, na kila kundi lilikuwa na panya wachache mno, jarida lililochapisha likaifuta ile kazi mwaka 2013. Baadae ikachapishwa tena kwenye jarida lingine ila hoja zile hazikujibiwa. Kenya wao walikuwa wameshapiga marufuku kuingiza GMO Novemba 2012.

Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilipitia mamia ya tafiti kikatoa ripoti 2016, hawakuona ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyopo sokoni ni hatari zaidi ya vya kawaida. WHO nao wanasema vilivyopo sokoni vimepimwa, na kila kipya kipimwe peke yake. Hilo la kupimwa kimojakimoja nalikubali sana. Kuna wakati waliweka jeni ya kokwa ya Brazil (Brazil nut, sio karanga hizi zetu) kwenye soya, wakapima wakakuta mzio wa kokwa hiyo umehamia kwenye soya, wakaitupa kabla haijafika sokoni. Kwahiyo anayesema zote ni sumu anakosea na anayesema zote ni salama bila kupima anakosea vilevile.

Kama kiwavi anakufa akila, mimi nikila nitapona vipi?

Swali zuri, la mama mmoja wa Nyangao. Ile protini inafanya kazi kwenye utumbo wa kiwavi kwa sababu una alikali na una sehemu maalumu za protini kujishikiza, ikijishikiza inatoboa utumbo. Tumbo la mtu lina asidi, na hizo sehemu hatuna, protini inameng'enywa kama ya maharage. Na huyohuyo bakteria anauzwa kama dawa ya kupuliza, hata wanaolima kilimo hai wanaruhusiwa kumtumia.

Kwanini unaongelea sana dawa wakati tunauliza GMO?

Kwa sababu hapo ndo pana maumivu. Nimeona mtoto wa dada yangu anapiga dawa peku, kifua wazi, bomba linavuja mgongoni, kachanganya dawa mbili kwenye bomba moja kwa sababu jirani kamwambia ziko kali zikiwa pamoja. Jioni kichwa kinamuuma, anatapika, tunasema malaria. Na nyanya zile kesho zinachumwa zinaenda kuliwa kachumbari, wakati kwenye chupa imeandikwa usivune mpaka zipite siku kadhaa. Mimi mwenyewe nilishafanya hivyo, najuta mpaka leo. Mtu anayeniambia anaogopa biringanya ya Bt lakini hajawahi kuniuliza nimepiga dawa lini, namsikiliza ila naumia.

Ndo maana siwezi kuzikataa hizi mbegu kwa ubishi tu. Kama kuna mbegu itakayompunguzia yule mtoto kubeba lile bomba, lazima ijadiliwe.

GMO ingetuondolea kantangaze?

Kantangaze ni yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wanatoboa majani na matunda ya nyanya. Kwa leo hapana, hakuna nyanya ya GMO ya kumzuia inayouzwa popote duniani. Na hata biringanya ya Bt inamzuia yule kiwavi mtoboaji tu, inzi weupe wanabaki, utitiri unabaki, mnyauko unabaki. Halafu viwavi wa biringanya wa Afrika ni ndugu wa wale wa Asia sio walewale, kwahiyo lazima ijaribiwe huku kwanza kabla mtu hajaahidi chochote.

Kantangaze aliingia Tanzania 2014 kupitia kaskazini, akashuka mpaka huku, na anazoea dawa haraka ajabu. Kinachonisaidia mimi ni kung'oa masalia yote baada ya mavuno na kuyafukia sio kuyaacha ukingoni, mtego wa harufu juu ya beseni la maji ya sabuni, kubadilisha kundi la dawa sio jina la dawa, na kutorudia nyanya, biringanya, pilipili na nyanya chungu kwenye tuta moja maana hao wote ni ukoo mmoja. Dawa ya Bt ya kupuliza nayo inafanya kazi viwavi wakiwa bado wadogo.

Na wadudu wanaizoea hata GMO. Afrika Kusini kufika 2007 iliripotiwa bungua wa mahindi kaizoea Bt, India funza mwekundu wa pamba hivyohivyo. Inatakiwa kupanda kipande cha zao la kawaida pembeni ili wadudu wasizoee wote, sasa mwenye robo eka pale kwetu atakubali kuacha kipande kiliwe na wadudu? Hilo lisiporatibiwa na kijiji kizima halifanyiki.

Ni kweli mbegu za GMO hazioti ukizikamua?

Zinaota. Ile habari ya mbegu tasa ilitokana na hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani ya mwaka 1998, dunia ikapiga kelele, mwaka 2000 nchi zilizo kwenye mkataba wa bioanuwai zikakubaliana kuisimamisha, na haijawahi kuuzwa. Kinachoweza kukuzuia kukamua ni mkataba na sheria, au ikiwa hiyo GMO imewekwa ndani ya haibridi.

Kwahiyo tatizo ni nini, kama ni salama na zinaota?

Nani mwenye mbegu. Hili nalisema kila kikao na nitaendelea kulisema.

Bibi yangu alikuwa na mbegu za bamia kwenye kibuyu kilichofunikwa na jivu, hakununua mpaka amekufa. Mimi nanunua kila msimu. Nilishauziwa pakiti kwenye duka moja la pembejeo, imeandikwa vizuri na picha inang'aa, ikaota mche mmoja kati ya kumi, hela ya mkopo wa kikundi imeenda na hakuna wa kumdai maana hata risiti sikupewa. Sasa nikiwaza mbegu ambayo tabia yake ni mali ya kampuni iliyo mbali, bei inapangwa huko, ikikosekana Masasi msimu wa kupanda unapita, swali langu la kwanza haliwi la saratani. Nauliza itauzwa bei gani, itakuwepo mwezi gani, ikifeli namfuata nani, na je naruhusiwa kumpa shemeji yangu kikombe kimoja.

Burkina Faso walilima pamba ya Bt toka 2008, viwavi walipungua kweli, ila nyuzi zikawa fupi, soko likashusha bei, wakaiacha 2016. Mdudu alishindwa na bado mkulima akapata hasara. Hapo nilijifunza kwamba kuuliza kuhusu mdudu peke yake haitoshi.

Je zitachafua mimea yetu?

Nyanya inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hatari ni ndogo. Biringanya ni jambo lingine kwa sababu ndugu zake wa porini wako huku, ile ndulele inayoota kando ya njia kila mahali kutoka Mingoyo mpaka Masasi inaweza kuzaa na biringanya nyuki akipita. Kunde vilevile, Afrika ndo kwao na za porini zipo. Nigeria waliruhusu kunde za Bt mwaka 2019. Kwetu huku kunde tunakula mbegu na majani, kwahiyo ikija kunde kama hiyo majani nayo yapimwe, sio punje tu.

Tanzania inaruhusiwa kulima?

Hairuhusiwi kibiashara. Tuko kwenye Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa wa usalama wa hivi viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, toka 2003, tuna Sheria ya Mazingira ya 2004 na kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009, msimamizi ni Ofisi ya Makamu wa Rais upande wa mazingira. Majaribio ya mahindi ya kustahimili ukame yalianza Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati ule, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kusitisha na utafiti wenyewe.

Mimi kusitisha kuuza nilielewa. Kusitisha utafiti ndo sikuelewa, maana wataalamu wetu wasipojaribu hapa kwenye udongo wetu, siku tukibanwa tutaletewa majibu yaliyopikwa na muuzaji.

Kenya je?

Serikali iliondoa zuio Oktoba 2022, watu wakaenda mahakamani, mahakama ya mazingira ikatupa kesi Novemba 2023, halafu Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha huko kuondolewa kwa zuio mpaka rufaa isikilizwe. Ufilipino nako hivyohivyo, biringanya ya Bt ilipata kibali 2022, Aprili 2024 mahakama ikaizuia. Kwahiyo ukiona mtu anasema dunia nzima imeshakubali au dunia nzima imekataa, ujue hajafuatilia.

Zikiruhusiwa, korosho na ufuta wetu vitakosa soko?

Hakuna korosho wala ufuta wa GMO unaouzwa, mnada hauguswi moja kwa moja. Ulaya hawajapiga marufuku kabisa kama mnavyoambiana, Hispania wanalima mahindi ya GMO, ila chakula chenye zaidi ya asilimia 0.9 lazima kiandikwe. India toka 2021 wanadai cheti cha kutokuwa GMO kwa mazao 24, nyanya na biringanya zimo. Kwa anayewaza kusafirisha mboga, hayo makaratasi ni gharama.

Na kisamvu?

Hapa panauma kwa kweli, ugonjwa wa michirizi ya kahawia unatumaliza pwani hii, unang'oa muhogo umependeza juu ndani umeoza kama kizibo. Kenya walipitisha mwaka 2021 muhogo wa GMO unaostahimili huo ugonjwa uende kwenye majaribio ya shambani ya wazi. Muhogo unapandwa kwa kipande cha mti, tunagawana bure toka enzi, kwahiyo ni vigumu kampuni kuufungia. Ingekuwa ni kuchagua zao moja watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele waruhusiwe kulijaribu kwa uwazi, wakulima tukiwepo tunaona, ningechagua huo kabla ya mboga yoyote. Kwa sasa ombeni vipande visafi vya aina vumilivu kama Kiroba, msibebe miti kutoka shamba linaloumwa.

Kuna mtu kaniletea mbegu kutoka ng'ambo ya Ruvuma anasema ni GMO, nipande?

Usipande. Kwanza karibu hakika anakudanganya ili apandishe bei. Pili mbegu isiyo na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hujui ina nini, inaweza kukuletea ugonjwa mpya bonde zima. Mpelekee bwana shamba aione, iwe imevuka Mtambaswala au imetoka Kariakoo.

Wewe mama, zikija utapanda?

Nikionyeshwa majaribio yaliyofanyika huku kusini na sio kwenye video, mbegu ikiwa ya taasisi yetu ya umma, imeandikwa wazi kwenye pakiti na kwenye tenga sokoni ili mnunuzi achague, na nikiruhusiwa kukamua, nitapanda tuta moja la biringanya, nitahesabu nimepiga dawa mara ngapi kwa msimu, na daftari nitawaletea kikundini mlione. Hata moja kati ya hayo ikikosekana, nabaki na mbegu hii ninayoikausha juu ya gazeti sasa hivi.